Ngazi Isipewe Makombo: Mazungumzo na Walimu Wanaokaribia Kustaafu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Morogoro mbele ya walimu wanaojiandaa kustaafu. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba niyaweke yote kwa maandishi. Michoro niliyobandika ukutani nimeiacha, na pale ambapo bila mchoro msomaji angepotea nimeongeza maneno mawili matatu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni.

Nimeambiwa baada yangu anakuja mtu wa bima ya afya, halafu chai. Kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumzia ngazi.

Kuna mtu amenong'ona hapo nyuma, "Ngazi tu?" Ndiyo, mwalimu, ngazi tu. Mmeshasikia habari za viwanja, hati, mikopo, bei ya nondo na saruji. Nani amewahi kukaa na ninyi akawaeleza habari za ngazi? Hakuna. Na kwa sababu hakuna, ngazi hupewa makombo. Mwenye nyumba anapanga sebule. Anapanga jiko, anapanga masta, anapanga vyumba vya watoto, anapanga hata friji itakaa wapi. Kile kipembe kinachobaki katikati, ambacho hakitoshi kitu kingine chochote, ndicho anachomwambia mchora ramani: "Hapo weka ngazi."

Ombi langu leo ni moja. Ukikaa na mchora ramani, ngazi ipimwe kwanza, vyumba vifuate.

Hebu niwaulize: wangapi hapa wanategemea kujenga ghorofa? Mikono mingi kuliko nilivyotarajia. Sawa. Kiwanja ni ishirini kwa ishirini, watoto wamekuwa wengi, wajukuu wanakuja likizo, unaamua kwenda juu. Hiyo ni sababu. Wapo pia wanaokwenda juu ili jirani aone. Hiyo nayo ni sababu, siwezi kumkataza mtu na pesa yake. Ila magoti yatakayopanda kila siku ni ya kwako, jirani atapanda siku ya sherehe.

Sasa niwape kisa. Kuna nyumba moja katika mkoa huu huu, mtaa sitautaja. Mzee mwenye nyumba alikuwa analala juu. Usiku mmoja akaugua ghafla. Vijana wa nyumbani wakafanya jambo la busara, wakamkalisha kwenye kiti cha mezani ili wamteremshe wakiwa wamekishika pande zote nne. Walipofika kwenye kona, kiti kikagoma. Ngazi ilikuwa na upana wa futi mbili na nusu, na pale inapogeuka hapakuwa na kituo, yaani ile sakafu ndogo ya kupumzikia. Palikuwa na vidato vya pembe tatu, vipana upande wa nje, na ndani vimekwisha kabisa. Wa mbele hana pa kuweka mguu, wa nyuma haoni anapokanyaga. Wakarudisha kiti juu. Mwishowe kijana mmoja akambeba mzee mgongoni, akashuka kinyumenyume, mkono mmoja ukutani. Taksi inasubiri nje, mama analia chini.

Mzee alifika hospitali na akapona, tunamshukuru Mungu. Aliporudi alihamia chumba cha wageni chini. Ghorofa aliyoijenga kwa mafao yake hajaipanda tena.

Niliitwa baadaye nione kama ngazi ile inaweza kurekebishwa. Nikapima nafasi. Mita 2.4 kwa mita 1.8. Basi. Hiyo ndiyo nafasi ngazi iliyoachiwa.

Tupige hesabu pamoja, naona hapa kuna walimu wa hisabati watanisahihisha. Ukuta wa chini una kimo cha mita 3. Juu yake slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya sentimita 15. Kwa hiyo kutoka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu unapanda sentimita 315. Tuseme kila kidato kikuinue sentimita 17.5. Gawanya. Unapata ngapi? Kumi na nane, kamili. Ngazi inayogeukia katikati itakuwa na miinuko tisa mpaka kituoni, na tisa mingine mpaka juu.

Swali: katika miinuko tisa, kuna sehemu ngapi za kukanyagia? Nasikia "tisa". Nane, walimu wangu. Ya tisa ni kituo chenyewe. Wachoraji wengine chipukizi hukosea hapo hapo. Haya, nane mara sentimita 28 za kukanyagia ni 224. Ongeza kituo cha mita moja, umefika 324. Kwa upana, mkono mmoja wa ngazi, ule unaopanda mpaka kituoni, mita moja, wa pili unaotoka kituoni mpaka juu mita moja, na uwazi wa sentimita 10 katikati. Andikeni hivi, pamoja na akiba kidogo: mita 3.3 kwa mita 2.2, ndani ya kuta, baada ya lipu. Tena, baada ya lipu, maana lipu inakula sentimita zako kimya kimya pande zote.

Linganisheni na zile 2.4 kwa 1.8. Ukikata kituo cha sentimita 85, unabaki na 155. Gawa kwa nane. Sentimita 19 na kidogo! Mguu wa mtu anayevaa namba 42 unakaribia sentimita 27. Utauweka wapi? Kwa hiyo fundi akafanya nini? Akaua kituo, akakigeuza vidato vya pembe tatu. Mimi fundi yule simlaumu sana. Alipewa makombo, akapika alichoweza. Na tofauti ya nafasi yote ilikuwa nini? Kama mita tatu za mraba. Ungesogeza ukuta wa sebule ukazipata, na wageni wasingejua.

Kuna na kosa la pili, jamaa yake huyu wa kwanza. Ramani ni nzuri, ngazi imepewa nafasi yake, kila kitu sawa. Nyumba imefika kwenye lenta. Mwenye nyumba anakuja saiti jioni, anatazama, anasema: "Fundi, chini patakuwa na joto. Ongeza kozi mbili." Mmesikia sentensi hiyo? Wengine mmeisema! Kozi mbili, yaani mistari miwili, za tofali la inchi tisa, pamoja na udongo wa katikati, ni nusu mita. Zile sentimita 315 zimekuwa 365. Ngazi sasa inahitaji miinuko 21 badala ya 18, yaani vidato vitatu zaidi, sentimita 84 za kukanyagia ambazo hazimo ndani ya ramani. Zitatoka wapi? Hazitoki. Fundi anachukua 365, anagawa kwa 18 ile ile, kila kidato kinapanda zaidi ya sentimita 20. Nyumba ina upepo mzuri, lakini bibi akifika juu anakaa kwenye kidato cha mwisho kwanza.

Ukitaka kuongeza kozi, ongeza. Lakini siku hiyo hiyo mwite mchora ramani, kabla ya tofali la kwanza.

Sasa mtaniuliza, hizi 17.5 na 28 umezitoa wapi? Hazikutoka kichwani mwangu. Huko Paris, katika karne ya kumi na saba, Mfaransa mmoja aitwaye François Blondel, aliyekuwa akiongoza chuo cha usanifu majengo cha mfalme, alichapisha kanuni ambayo mpaka leo hatujaipata iliyo rahisi kuliko hiyo. Alitazama jinsi mtu anavyotembea. Kwenye tambarare, hatua moja ni inchi 24 za Kifaransa za wakati ule, kama sentimita 65 zetu. Mtu huyo huyo akipanda ngazi ya mbao iliyosimama wima, kila hatua inamwinua inchi 12, nusu yake. Kumbe inchi moja ya kwenda juu inagharimu sawa na inchi mbili za kwenda mbele! Kwa hiyo chukua kimo cha kidato, kizidishe mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, upate hatua moja ya mtu.

Wasanifu wa leo wengi hutaka jumla hiyo iangukie karibu na sentimita 60 mpaka 64. Jaribuni yetu: 17.5 mara mbili ni 35, ongeza 28, unapata 63. Mafundi wetu wa futi kamba wanaopenda inchi, waambieni saba na kumi na moja. Inchi saba kupanda, inchi kumi na moja kukanyaga. Saba na kumi na moja. Hata ukisahau yote niliyosema leo, hiyo utakumbuka.

Na msidanganyike kwamba kazi ya kanuni hii ni kupunguza uchovu wa kupanda peke yake. Kupanda kunachosha, kushuka ndiko kunakoangusha. Ukipanda, hata nusu ya mguu ikikanyaga inatosha. Ukishuka, uzito wote unatua kwenye nyayo ya mbele, na nyayo hiyo inatafuta ukingo. Nendeni asubuhi mkasimame chini ya ngazi ya gesti yoyote mjini, mtazame wageni wanavyotoka. Penye upana wa kutosha wanashuka huku wanaongea na simu. Pembamba, simu inaingia mfukoni, mguu unageuzwa ubavu, kiganja kinapapasa ukuta. Hakuna aliyewafundisha. Mwili umeshajua.

Nchi nyingine zimeandika vikomo vyao. Uingereza, kwa nyumba ya kuishi, kidato kisizidi kimo cha sentimita 22, na pa kukanyagia pasipungue sentimita 22. Lakini huwezi kuchukua zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mwinuko ungefika nyuzi 45 na wao wameweka ukomo wa nyuzi 42. Kanuni ya nyumba za kawaida Marekani inasema kimo kisizidi inchi 7 na robo tatu, kukanyagia kusipungue inchi 10. Nawaomba muelewe: hivyo ni vikomo, siyo shabaha. Mwanafunzi aliyepata alama ya kufaulia tu amefaulu, lakini ninyi wenyewe mnajua.

Najua kuna mtu wa Pwani hapa anataka kuniambia, "Mbona nyumba za wazee wetu Unguja na Lamu ngazi zake ni kali, zimesimama, na watu wameishi humo vizazi na vizazi?" Kweli kabisa. Ngazi nyingi za ndani Mji Mkongwe ni nyembamba na zimesimama hasa. Lakini tutazame sababu. Sakafu za nyumba zile zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyoweza kufika na kubeba. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, mji wenyewe umebanana, ngazi ikajibana nayo. Wale walikuwa na boriti. Wewe una nondo na zege, na bado unajenga ngazi ya mtu mwenye boriti?

Niingie kwenye jambo ambalo mafundi hunikasirikia nikilisema hadharani. Vidato vyote vilingane. Vyote. Cha kwanza, cha katikati, cha mwisho.

Mwaka 2012, Brooklyn, huko New York, mtu mmoja alikuwa anajikwaa kila mara kwenye ngazi ya kutokea stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya 36th Street. Akatega kamera. Akaona siyo yeye peke yake. Wazee, vijana, mtu na mkoba wake, baba aliyebeba mtoto, mmoja baada ya mwingine, wote wanajikwaa kidato kile kile. Kidato hicho kilikuwa kimewazidi wenzake kwa sehemu ya inchi tu. Picha zikasambaa, na ngazi ikafungwa ili itengenezwe. Watu wale walikuwa wazembe? Hapana. Mguu ukishapanda vidato viwili vitatu umeshakariri kimo, haukutazami tena wewe. Ndiyo maana ile kanuni ya Marekani niliyoitaja hairuhusu tofauti ya zaidi ya milimita tisa na nusu kati ya kidato kirefu na kifupi katika ngazi moja. Haifiki hata unene wa kidole kidogo.

Sasa kwetu tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye marumaru. Nisikilizeni vizuri hapa, ndipo pesa zenu zinapopotelea. Fundi anamwaga zege la ngazi, vidato vyote sentimita 17.5, vimenyooka, umepiga picha umetuma kwa watoto. Halafu inakuja finishingi. Sakafu ya chini inawekwa mchanga na saruji, gundi, marumaru: imepanda sentimita 6. Sakafu ya juu vile vile, 6. Lakini vidato vya ngazi vinawekwa gundi na marumaru kwa wembamba, vinapanda 3 tu. Kidato cha kwanza sasa kina kimo gani? Sakafu imekimeza: 14.5. Vya katikati viko pale pale, 17.5. Cha mwisho, kwa sababu sakafu ya juu imepanda kuliko ngazi, kimekuwa 20.5. Sentimita sita kati ya cha kwanza na cha mwisho! Na cha mwisho ndicho unachokutana nacho usiku ukitoka chumbani kwenda kunywa maji.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kumwaga zege uamue: sakafu itapanda kiasi gani, vidato vitapanda kiasi gani. Kwa mfano wetu, kwenye zege kidato cha kwanza kitengenezwe sentimita 20.5 na cha mwisho 14.5. Atakayepita saiti kabla ya marumaru atasema fundi wako hajui kazi. Mwache aseme. Marumaru zikishalala, vyote vitakuwa 17.5.

Na fundi asipime kidato kimoja kimoja kwa futi kamba, maana kila kipimo kinabeba kosa la kilichotangulia. Apige leveli kwa mpira wa maji, aweke alama ukutani mita moja juu ya pale sakafu itakapoishia, chini na juu. Kisha achukue lati, yaani ubao mrefu mwembamba, iliyonyooka, aigawe yote kwa mara moja, aisimamishe ukutani, ahamishe alama. Wewe mwenye nyumba huna haja ya kujua kuifanya. Muulize tu: "Lati yako ya ngazi iko wapi?" Akikutazama kwa mshangao, umeshapata jibu.

Mengine nitayapitia haraka, chai inanukia.

Kichwa. Ukisimama kwenye kidato chochote, juu yako pawe na mita 2 safi, mimi napenda 2.1. Biimu ya ukingo wa slabu ndiyo hupiga watu, hasa kijana mrefu anayeshuka mbio.

Mkono. Reling iwe sentimita 90 kutoka ukingo wa kidato, na iwe ya kushikika, kiganja kiizunguke. Nguzo zake zisiachane zaidi ya sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Kuna mtindo umeingia wa bomba za stenlesi zilizolazwa kwa mlalo, zinang'aa, watu wanazipenda. Kwa mjukuu wa miaka mitatu, hizo ni ngazi nyingine. Simamisha nguzo wima.

Mwanga. Swichi moja chini na moja juu, zote ziwashe taa ile ile. Mafundi umeme wanaiita tuwei. Waya wake upitishwe kabla ya lipu. Na dirisha kwenye kituo, kwa ajili ya mchana na kwa ajili ya siku umeme umekatika.

Utelezi. Marumaru za kung'aa wekeni sebuleni. Kwenye ngazi chukueni zenye ukwaru, au terazo iliyochongwa mifereji ukingoni.

Na choo cha chini ya ngazi! Kila mtu anakitaka. Kituo chetu kiko sentimita 157 na nusu juu ya sakafu. Toa zege la sentimita 15. Umebaki na 142 na nusu. Hicho choo ni cha nani? Weka stoo, weka ndoo na mafagio.

Mwenyekiti ananionyesha saa, lakini kuna mwalimu ameuliza swali ambalo siwezi kuliacha. Anasema yeye ameshajenga, ngazi yake ni kali, pesa imekwisha. Afanye nini? Mwalimu, kimo hatuwezi kukibadilisha bila kuvunja, lakini vitu vinne unaweza. Weka reling pande zote mbili, maana kwenye ngazi kali mkono wa pili ni mguu wa tatu. Pakeni ukingo wa kila kidato rangi inayotofautiana na marumaru, ili anayeshuka aone kidato kinaishia wapi. Weka taa ya pili. Na pima kidato cha kwanza na cha mwisho leo jioni. Kama cha kwanza ndicho kimezama, mara nyingi unaweza kubandua marumaru zake tu na kukinyanyua kidogo, ukagawa tofauti kwenye vidato viwili vitatu vinavyofuata. Cha mwisho hurekebishwa kwa namna hiyo hiyo, kwa kunyanyua vile vilivyo chini yake.

Ukishindwa yote hayo, andaa chumba kimoja cha kulala chini, chenye choo chake. Kwa kweli hilo ningewaambia wote, hata wenye ngazi ya saba na kumi na moja.

Wenye ramani mikononi msiondoke. Nitakaa meza hii ya mbele wakati wa chai, nina futi kamba na kikokotoo. Tutaanza na mama mwenye ramani ya bluu pale, maana nimechungulia kidogo, na nimeona ngazi yake iko nyuma ya jiko.